Visikizio, Vizibo na Masikio ya Mpiga Ngoma



Kikundi kimoja cha vijana wa ngoma kimetuletea swali. Vijana hawa hufanyia mazoezi katika chumba cha ghorofani, nyumba ya zamani kando ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, Mombasa. (Kwa wasomaji wetu wa bara: ndia ni njia kwa Kimvita, na Ndia Kuu ni ile barabara nyembamba itokayo karibu na Fort Jesus, pale wenyeji waitapo Ngomeni, ikapenya Mji wa Kale kuelekea bandari ya kale.) Ni kikundi cha kujisaidia kama vyenu. Kila mwanachama huweka kitu kidogo kila wiki, na wakialikwa arusini au kwenye hoteli za pwani ya kaskazini, fungu moja la malipo huingia katika mfuko wa kikundi.

Safari hii mfuko ulikuwa umenona kidogo. Wakaamua kununua visikizio, yaani vile vipokea sauti vya kutia masikioni ambavyo watu wengi huviita iafoni, ili wapigaji wavivae jukwaani. Wameona kwenye video wapigaji wa bendi kubwa wakivivaa. Swali lao lilikuwa fupi: tununue vya aina gani?

Tulipowatembelea tuliona kwamba nyuma ya swali hilo liko jingine. Kijana apigaye msondo, mwenye miaka 24, alitwambia pembeni, "Mama, mie arusi ikisha, masikio yalia ngiii mpaka kesho kutwa. Zamani yalikuwa yakilia usiku ule tu." Nyumbani mamake akimwita kutoka jikoni haitiki, na ameshapewa jina la mkaidi. Wenzake wamemwambia ni kawaida ya kazi, atazoea.

Hapo ndipo tulipoona swali hili lijibiwe kwenye kurasa hizi, lisomwe na vikundi vyote: vya ngoma, vya kwaya, vya bendi za kanisa, hata vile vya jua kali vinavyogonga mabati kutwa. Maana huko kuzoea ndiko kubaya. Mtu hazoei kelele kama anavyozoea pilipili. Akisema amezoea, mara nyingi maana yake ni kwamba sehemu ya usikivu wake imeshakwenda, ndiyo kelele haimuudhi tena.

Jibu letu kwa vijana wa Ndia Kuu tulilitoa mapema, nasi twalitoa hapa mapema vilevile. Pesa za kwanza zisinunue visikizio. Zinunue vizibo vya masikio. Visikizio vitafuata baadaye, tena kwa baadhi yao tu. Hebu tueleze kwa nini.

Ngoma iliyo ndani ya sikio

Ndani ya tundu la sikio kuna ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngozi ya ngoma, ndiyo ikaitwa kiwambo. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukikigonga kiwambo, nacho hutikisika, kikavitikisa vifupa vitatu vidogo vilivyo nyuma yake, navyo vikaupeleka mtikisiko ndani zaidi, katika kijumba kilichojiviringa kama konokono na kujaa maji. Humo mna chembe hai kama 15,000 kwa kila sikio, zenye vinywele vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vinywele vikiinamishwa na mawimbi ya yale maji, chembe hupeleka habari kwenye ubongo, nasi tukasema tumesikia.

Fikirini konde la mpunga. Ng'ombe akipita mara moja, mashina huinama, kesho yakasimama tena. Akipita kila siku palepale, mashina hufa na mahali pale pakawa njia. Vinywele vya sikio ni vivyo hivyo, ila kwa tofauti moja kubwa: mpunga utaupanda tena mwakani, lakini chembe za sikio la binadamu hazioti tena. Mpaka leo daktari hana dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Watu wengi hudhani kelele hupasua kiwambo. La. Kiwambo hata kikipasuka, mara nyingi hujifunga chenyewe. Hasara kubwa iko huku ndani, nayo haina maumivu, haina damu wala usaha, ndiyo sababu watu huipuuza.

Zinazokufa kwanza ni zile chembe zinazopokea sauti nyembamba. Basi mtu husikia ngoma vizuri, husikia lori, husikia wanaume wakizungumza, lakini sauti kama s, f na sh humponyoka, na maneno ya watoto na ya kina mama humpotea, hasa penye watu wengi. Husema, "Nasikia kwamba wasema, lakini sielewi wasemani." Kwa hiyo yule kijana wetu, mamake asimlaumu kwanza. Apelekwe akapimwe.

Na ule mlio wa ngiii? Ni dalili ya kwamba chembe zimejeruhiwa. Ukiisha baada ya saa chache, sikio limetoa onyo. Ukianza kukaa siku mbili, onyo limekuwa kubwa. Kuna watu wanaobaki nao maisha yao yote, na husumbua zaidi usiku kukiwa kimya. Wazee watakumbuka mlio wa namna hiyo walipomezeshwa kwinini kwa malaria; huo kwa kawaida hwisha dawa ikikoma. Mlio wa ngoma haukumwahidi mtu hivyo. Na kwa kuwa tumetaja dawa, ziko sindano kama streptomaisini, iliyotumiwa sana kwa kifua kikuu, na jentamaisini, ambazo zaweza kudhuru usikivu. Mpiga ngoma akiandikiwa sindano hizo, amweleze daktari kazi yake.

Kelele kiasi gani, kwa muda gani?

Kelele hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Lakini hesabu yake haiendi kama hesabu ya shilingi. Kila ikiongezeka desibeli 3, nguvu inayoingia sikioni huwa maradufu, na kwa hiyo muda ulio salama hukatwa nusu. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani iitwayo NIOSH yashauri hivi: kwa desibeli 85, si zaidi ya saa 8 kwa siku. Kwa 88, saa 4. Kwa 91, saa 2. Kwa 94, saa 1. Kwa 97, nusu saa. Kwa 100, robo saa. Kwa 103, dakika 7 na nusu, basi. Hapa Kenya, kanuni za kelele makazini za mwaka 2005 zimeweka mpaka wa desibeli 90 kwa saa 8. Sisi twawashauri mshike ile ya 85, kwa sababu sikio halijui liko katika nchi ya sheria gani.

Mpiga dramu za bendi, akipiga kwa nguvu ndani ya chumba, hupata desibeli 100 hadi 110 pale alipokaa. Ngoma zetu za mkono hutofautiana, lakini zikiwa nne tano pamoja, zumari karibu, na spika nyuma, haziko mbali na hapo. Hatutarajii kikundi kinunue mashine ya kupimia. Simu zina programu za kupima kelele. Hazina uhakika sana, lakini zatoa picha. Kipimo kisicho na gharama ni hiki: simameni wawili, umbali wa mkono ulionyooshwa. Kama yakubidi kupaza sauti ndipo mwenzio asikie, mko karibu na 85 au mmeshaipita. Kama yakubidi kumpigia ukelele sikioni, msipoteze wakati kubishana.

Tulifanya hesabu na yule kijana kwenye gunia la mchele lililokuwa pale, kwa chaki. Tuseme anapopiga, sikio lake lapata desibeli 103. Arusi ni saa 3. Fungu lake la siku nzima amelimaliza kabla bibi arusi hajatoka ndani! Sasa tuseme kizibo kimempunguzia desibeli 15 tu. 103 toa 15 ni 88, na 88 ni saa 4. Arusi nzima imeingia, na baki iko.

Mbona wazee walipiga na hawakuvaa kitu?

Mzee mmoja mlezi wa kikundi alituuliza hivyo, na ni swali la haki. Mombasa ni mji wa ngoma tangu zamani. Kina mama wa mjini walikuwa na vyama vya lelemama, vilivyoshindana kwa nyimbo na mavazi, na papo hapo vikawa vyama vya kufaana katika arusi na matanga. Kwa kweli ndivyo wahenga wa hivi vikundi vyetu. Kisha ikaja beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, iliyoanza pwani hii mwishoni mwa karne ya 19. Watu wa Mombasa wakagawanyika, Kingi upande huu na Skochi upande ule, kila mmoja akitaka kumzidi mwenzie kwa dramu na matarumbeta. Kelele ilikuwapo, hatukatai.

Lakini ngoma nyingi za wakati ule zilipigwa nje, sauti ikaenda zake. Mahali pa wazi, ukijitenga na ngoma kwa umbali maradufu, kelele hupungua kama desibeli 6. Chumba cha Ndia Kuu hakina huruma hiyo. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe zimepakwa chokaa zikawa ngumu, sakafu ngumu, juu boriti. Sauti hugonga ikarudi, ikagonga tena. Halafu kuna umeme. Zamani nguvu ya ngoma ilikuwa nguvu ya mkono, na mkono ukichoka ngoma hunyamaza. Spika haichoki. Na tena, tusijidanganye, wako wazee wapigaji waliokuwa hawasikii. Tuliita uzee tu.

Chumba chaweza kutengenezwa kidogo bila pesa nyingi. Vijana walitundika mikeka na zulia kuukuu kwenye kuta mbili zinazotazamana, wakatandika jamvi chini ya ngoma, na tofauti ikasikika siku ileile. Mpiga zumari alikuwa akikaa nyuma ya mpiga msondo, mdomo wa zumari ukielekea kisogoni mwake! Akahamishwa mbele pembeni, na mdomo wa zumari ukageuzwa kuelekea mlangoni. Spika nazo zisiwekwe chini karibu na magoti zikielekea kuta. Zinyanyuliwe juu ya kichwa na zitangulie mbele ya wapigaji, ziwatazame wasikilizaji.

Mapumziko nayo ni dawa. Vijana hawa husimamisha ngoma kila adhana inaposikika, na misikiti ya Mji wa Kale ni mingi. Hufanya hivyo kwa heshima ya dini, na wanachama wao Wakristo hutulia pamoja nao. Masikio ya wote hupata nafuu. Ila mapumziko ya kweli ni kutoka nje kwenye kimya. Si kukaa palepale ukasikiliza simu.

Vizibo: kipi chafaa?

Pamba haifai. Karatasi ya shashi haifai. Hupunguza desibeli chache tu, nazo humpa mtu moyo wa uongo akakaa karibu zaidi na kelele.

Kizibo cha bei nafuu kuliko vyote ni kile cha sponji, chenye umbo la kidole. Kinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, yale yanayouza helmeti na glavu. Wafanyakazi wa bandari ya Kilindini na wa viwandani wanavijua. Bei ya jozi moja hailingani hata kidogo na bei ya ngozi ya kuwambia ngoma. Shida ni kwamba watu wengi hukitia vibaya, kikaning'inia mlangoni mwa sikio kama kishaufu. Osha mikono kwanza. Kiviringe kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama uti wa mshumaa mdogo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke. Kitie ndani upesi, kisha kishikilie kwa kidole muda wa kuhesabu polepole hadi 30, mpaka kivimbe. Ukitazamwa kwa mbele, kisionekane. Ukisema neno na sauti yako ikasikika nzito kichwani, kimekaa.

Kwenye pakiti kuna nambari, tuseme 33. Msiiamini yote. Nambari hiyo hupatikana maabara, kwa watu waliotiwa vizibo kwa uangalifu. Wataalamu hutoa 7 kisha hugawanya kwa 2, hivyo 33 hubaki 13. Mwenye kutia vizuri hupata zaidi, mwenye kutia ovyo hupata kama hakuna.

Wapigaji wengine hulalamika kwamba sponji huifanya ngoma isikike kama imefunikwa blanketi. Wasema kweli. Sponji hukata sauti nyembamba kuliko nene, kwa hiyo muziki hupinda. Kwa wanamuziki kuna vizibo vya mpira laini vyenye kichujio kidogo katikati, vinavyopunguza sauti zote karibu sawasawa. Muziki hubaki ulivyo, ila kama umesogea mbali. Kampuni ya Etymotic ya Marekani ilitoa vizibo vya namna hii mwaka 1988, na leo zipo aina nyingi za bei ya wastani. Huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, vikadumu miezi mingi. Kama mfuko wenu waruhusu, hivi ndivyo twavipendekeza kwa mpigaji wa kila wiki, na sponji kwa wengine.

Vifuniko vya kuvaa kichwani, vyenye vikombe viwili, ni vizuri kwa fundi wa mabati na kwa watoto. Mtoto mchanga msimtie kizibo. Na kwa nini mtoto awe mbele ya spika? Arusini tumewaona wamelala usingizi pale pale chini ya spika, mama zao wakicheza chakacha. Wahamishwe. Kwa kina mama na mabinti wanaovaa hijabu au buibui: kifuniko kikivaliwa juu ya kitambaa huacha mwanya, kelele ikapita. Kizibo hukaa vizuri chini ya kitambaa na hakuna atakayejua kama umekivaa. Mikono ya miwani nayo huacha mwanya vilevile.

Mwenye sikio linalotoa usaha asizibe kitu. Aende kliniki kwanza.

Sasa visikizio

Hapa ndipo vijana walipotaka tuanzie. Tuliwauliza: mnavitaka vya nini? Wakajibu, "Kuzuia kelele." Kisikizio cha kawaida hakizuii kelele. Kisikizio kinaleta sauti. Kinacholinda ni kule kuziba, na kule kuziba kukikosekana umeongeza kelele juu ya kelele.

Chukueni hesabu ileile. Ngoma zaleta desibeli 103 sikioni. Kijana avaa visikizio vyepesi vya simu, vile vigumu vya plastiki vinavyokaa mlangoni mwa sikio bila kuziba. Kelele ya ngoma yapita karibu yote. Ili aisikie kinanda au sauti ya mwimbaji ndani ya visikizio, atapandisha mpaka izidi ngoma, tuseme 106. Muda wake sasa haufiki dakika 4. Mwingine avaa visikizio vyenye ncha ya sponji au mpira inayoziba tundu barabara, vikapunguza 20. Ngoma imeshuka hadi 83. Muziki autia 86, na anausikia wazi. Vyote viwili pamoja ni kama 88, yaani saa 4. Ngoma ni ileile, chumba ni kilekile.

Basi mnaponunua, ulizeni kwanza kuziba, halafu ndipo sauti tamu. Jaribuni dukani: tieni masikioni bila kuwasha muziki. Kama bado mwasikia vizuri bei anayowatajia muuzaji, rudisheni. Visikizio vizuri huja na ncha za ukubwa mbalimbali, na si ajabu sikio la kulia likataka ncha tofauti na la kushoto. Wapo wanaopenda hedifoni kubwa za vikombe zilizotengenezwa kwa wapiga dramu, mfano za Vic Firth. Nazo huziba, ila katika joto la Mombasa jasho litakutiririka mpaka shingoni. Kwa jukwaa la nje mchana sisi hatuwezi kuzipendekeza.

Visikizio visivyo na waya, vya Bluetooth, viacheni kwa kusikilizia safarini. Sauti ndani yake huchelewa. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde. Kisikizio kinachochelewa sehemu ya saba ya sekunde, ni kama unamsikiliza mwimbaji aliye mita 49 kutoka kwako. Hakuna mpigaji atakayeshika mdundo namna hiyo. Chukueni vya waya, waya mrefu upitishwe mgongoni chini ya kanzu au shati usinaswe na mkono. Angalieni pia tundu la miksa: mara nyingi ni kubwa, la milimita 6.35, na kichwa cha waya wa visikizio ni kidogo, 3.5, kwa hiyo mtahitaji kiungo cha katikati. Na msichomeke visikizio kwenye tundu la spika la amplifaya. Nguvu yake ni ya spika, itaviunguza au iyapige masikio kishindo.

Wako wanaovaa upande mmoja tu, ili sikio la pili lisikie jukwaa. Kosa hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Sikio lililo wazi lapigwa na ngoma, na lile lenye kisikizio hupandishiwa sauti ili lishindane. Masikio mawili yakisikia pamoja hutosheka na sauti ya chini. Kama mpigaji ajisikia kama yumo ndani ya pipa, ametengwa na wenzake na makofi ya watu, wekeni maikrofoni moja ielekee wachezaji na watu, sauti yake iingizwe kidogo kwenye visikizio. Fundi wa miksa aanze sauti chini kabisa kabla mpigaji hajavaa, na siku zote apandishe pole pole. Waya ukichomolewa na kuchomekwa huku sauti iko juu, mshindo wake ni kama kofi.

Msidhani twatia chumvi kuhusu visikizio. Pete Townshend, mpiga gita wa bendi ya The Who ya Uingereza, alijulikana kwa kelele za jukwaani kupita kiasi, lakini yeye mwenyewe alisema kwamba kilichomharibu masikio ni hedifoni alizovaa studio miaka mingi, sauti ikiwa juu. Kijana mmoja alituletea mfano wa upande wa pili: Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma mashuhuri duniani, na ni kiziwi tangu utotoni, hupiga pekupeku asikie mtikisiko kwa miguu. Ni kweli, na twamheshimu. Lakini yeye hakuchagua, tena alifanya kazi kubwa ya kujifunza upya.

Kwa hiyo nani katika kikundi cha Ndia Kuu ahitaji visikizio? Tulihesabu pamoja tukapata wawili: mpiga dramu za bendi, ambaye hufuata mlio wa kuhesabia mapigo na muziki uliorekodiwa wanapokuwa hotelini, na mpiga kinanda. Wapiga msondo, vumi na chapuo hawana wanachokifuata ndani ya waya. Hao wataka kusikia wenzao kwa kiasi, na mdundo wanaupata pia kwa mikono na kifua. Kwao kizibo chatosha.

Jambo moja la usafi. Pwani ni joto na unyevu, na ukungu huota masikioni upesi. Visikizio vya kikundi vyaweza kuwa vya wote, lakini kila mtu awe na ncha zake, azioshe, azikaushe, aziweke kwenye kichupa chenye jina lake. Msitie mafuta, wala msichokonoe kwa njiti za kiberiti.

Waliyoamua

Mweka hazina aliandika vizibo katika ukurasa mmoja na ngozi, kamba na nauli, kama gharama ya kawaida ya kazi. Boksi limetundikwa msumarini kando ya mlango, na asiyevaa hapewi ngoma. Hilo walilipitisha wenyewe kwa kura. Visikizio jozi mbili watanunua mwezi ujao. Yule kijana amekwenda kliniki ya masikio, pua na koo katika Hospitali Kuu ya Pwani, akapangiwa siku ya kupimwa usikivu. Kipimo hakiumi: unakaa chumba kimya, unavaa hedifoni, unaashiria kila usikiapo mlio. Twawashauri wapigaji wote wapimwe mara moja kwa mwaka na kuweka karatasi, ili mwaka wa pili iwepo ya kulinganishia. Lakini mtu akiamka ghafla sikio moja halisikii, asingoje siku ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwa ugonjwa huo dawa hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Aliyebaki ni mpiga zumari. Yeye hataki. Asema akiziba masikio hawezi kujua kama zumari imepanda au imeshuka, na watu watamcheka. Hatukubishana naye sana, maana hoja ya kwanza ina ukweli kwa vizibo vya sponji. Tumemwachia jozi moja ya vile vya mpira vyenye kichujio, avijaribu kwenye mazoezi ya Alhamisi.